Nimefeli muhula wa kwanza Ujerumani, na nyumbani nimesema nimefaulu

Swali: Dada, shikamoo. Nina miaka 26, nyumbani ni Mbeya. Nilimaliza uhandisi Dar es Salaam kwa GPA ya 4.5, na Oktoba nikaanza uzamili wa uhandisi wa maji hapa Ujerumani, programu ya Kiingereza. Februari nilijiandikisha mitihani minne. Nimefaulu mmoja, nimefeli miwili, na wa nne sikwenda kwa sababu niliona sijajiandaa. Hakuna profesa hata mmoja aliyeniuliza kulikoni. Darasani kila mtu ana watu wake. Usiku nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, zamu tatu kwa wiki, maana baba aliuza shamba na kukopa kwa mjomba ili nipate hela ya kuonyesha benki, na nimeanza kumrudishia. Nyumbani nimewaambia nimefaulu yote. Usingizi sipati. Je, nirudi kabla sijafukuzwa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo linalokukosesha usingizi: hujafika kwenye kufukuzwa. Kichwani bado unatembea na hesabu ya kwetu, ambako mwisho wa mwaka alama zinakusanywa, GPA ikishuka chini ya kiwango unadisko, yaani unafukuzwa, na jina linabandikwa ubaoni watu wote waone. Ujerumani kila mtihani una hesabu yake peke yake. Vyuo vingi vinakuruhusu kuufanya mtihani mmoja hadi mara tatu. Vipo vyenye idadi tofauti, kwa hiyo usichukue neno langu wala la mwenzako wa chuo kingine. Kila programu ina kitabu chake cha kanuni za mitihani, kinaitwa Prüfungsordnung, na kipo kwenye tovuti ya kitivo chako. Mara nyingi kinachotambulika kisheria ni kile cha Kijerumani, lakini programu za Kiingereza huwa na tafsiri yake. Kisome leo. Tafuta mambo mawili: mtihani unarudiwa mara ngapi, na ndani ya muda gani.

Kwa ile miwili, umetumia nafasi moja moja. Huo wa nne ndio unaonitia wasiwasi. Kama ulijiandikisha na hukujitoa kabla ya tarehe ya mwisho, katika vyuo vingi utahesabiwa 5.0, yaani umeufeli bila hata kuiona karatasi. Nenda Prüfungsamt, ofisi ya mitihani, ukaulize umeandikwaje. Kuna watu watakushauri utafute cheti cha daktari cha tarehe za nyuma. Usithubutu. Cheti cha kweli kinatakiwa kifike ofisini ndani ya siku chache tangu siku ya mtihani, na cha uongo kinaweza kukuondoa chuoni hata ungekuwa umefaulu masomo yote. Mtihani uliofeli utaurudia. Jina likishaharibika pale ofisini, hakuna karatasi ya kulirudia.

Sasa tujiulize: mtu mwenye 4.5 ya Dar es Salaam anafelije miwili kati ya minne? Akili yako ni ileile. Umeingia kwenye utaratibu ulioundwa kwa namna nyingine, na mlangoni hakukuwa na mtu wa kukueleza.

Angalia hata namba zenyewe zilivyogeuzwa. Kwetu 5.0 ndiyo kilele. Kule 1.0 ndiyo kilele, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Mimi nilikwenda Ujerumani mwaka 2009, na mtihani wangu wa kwanza kufaulu nilipata 1.7. Nikampigia mama kwa furaha, nikamtajia namba. Akanyamaza. Kimya kile nakisikia mpaka leo, kwa sababu mama ni mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa anatafuta maneno ya kunifariji. Ilibidi nimweleze mara mbili ndipo akapiga kigelegele.

Lakini geuzo la namba ni dogo. Kubwa ni lile la muhula wenyewe. Dar es Salaam ulizoea alama 40 zinatoka kwenye majaribio na kazi za katikati ya muhula, na mtihani wa mwisho unabeba 60. Majaribio yale tulikuwa tunayalalamikia, kumbe ndiyo yaliyokuwa yanatuamsha. Ukipata 6 kati ya 20 wiki ya sita, unajua moto unawaka na bado una muda wa kuuzima. Kule masomo mengi yana mtihani mmoja tu, Februari au Julai, na huo ndio alama zako zote. Kuanzia Oktoba hadi Januari hakuna anayekupima. Wengi hawaiti hata majina. Ukienda darasani sawa, usipokwenda sawa. Mtu aliyetoka kwenye chuo cha majaribio anauona ukimya ule kama dalili kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Hapo ndipo lilipo jibu la lalamiko lako kuhusu maprofesa. Hawakuulizi kulikoni kwa sababu, kwa desturi yao, kumfuatafuata mtu mzima ni kumvunjia heshima. Wanakuchukulia kama mtu anayejua anachokifanya mpaka useme mwenyewe kwamba umekwama. Kwetu mwalimu anayekujali anakuita. Kwao mwalimu anayekujali anaacha mlango wazi saa fulani, siku fulani, na anakaa akingoja uje. Saa hiyo inaitwa Sprechstunde na imeandikwa kwenye ukurasa wake. Niliukaa muhula mzima nikiamini maprofesa wangu hawanipendi, na kumbe sikuwahi kubisha hodi kwa yeyote kati yao.

Usiende mikono mitupu, wala usiende kulalamika. Kwanza kuna haki moja ambayo vijana wengi kutoka kwetu hawaifahamu: baada ya matokeo kutoka, una haki ya kuiona karatasi yako iliyosahihishwa. Wanaiita Klausureinsicht. Hutangazwa siku moja, mara nyingi saa moja au mbili tu, na wengine wanataka ujiandikishe kabla. Nenda kwenye yote miwili. Usiende kuomba alama, ingawa ukiona wamekosea kujumlisha una haki ya kusema. Nenda ukaone ulipopotelea.

Mimi nilipokwenda kuangalia karatasi yangu ya takwimu, ule mtihani niliofeli, niliona kurasa mbili nilizozijaza kwa mwandiko mzuri, na pembeni msahihishaji ameandika neno moja lenye maana ya "kwa nini?". Karibu kila swali. Nilikuwa nimetoa fasili zote, neno kwa neno, kama zilivyo kwenye desa, zile notsi za kukariri. Swali lilitaka nichague njia ya kukokotoa na nieleze sababu ya kuichagua hiyo na kuiacha nyingine. Nilijibu swali la chuo changu cha zamani kwenye karatasi ya chuo kipya. Saa ile moja ilinifundisha kuliko miezi minne iliyotangulia. Muhula uliofuata nilisoma vitabu vilevile, ila kila ukurasa nikawa najiuliza lile neno la pembeni.

Ukishaiona karatasi, ndipo umwandikie profesa. Barua fupi: Profesa na jina lake la ukoo, jina lako na namba yako ya usajili, somo gani, na jambo moja unalotaka kuliuliza. Ukiingia ofisini usiseme "naomba unisaidie, somo ni gumu". Kwa huyo ni kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza. Sema: swali la tatu nilifika hapa, nikatumia mlinganyo huu, hapa nikakwama. Utaona uso unabadilika. Watu hawa wanapenda kuulizwa. Kama amekupa saa nne na nusu, fika saa nne na dakika ishirini na tano. Zile dakika kumi na tano ambazo vipindi vya chuo huchelewa kuanza kwa desturi hazihusu miadi ya ofisini.

Kuhusu wenzako wa darasani wenye watu wao: makundi hayo yanayokutana maktaba si ya urafiki tu, humo ndimo mitihani inamojibiwa kabla ya Februari. Ukikaa nje ya kundi unakosa mazoezi ambayo wengine wote wanayo. Tafuta ofisi ya Fachschaft, chama cha wanafunzi wa kitivo chako. Wengi wao wanahifadhi karatasi za mitihani ya miaka iliyopita na hutoa kwa yeyote anayeomba. Chukua karatasi tatu za somo mojawapo ulilofeli, kisha kipindi kikiisha mwendee mtu mmoja, si kundi zima, umwambie: ninazo hizi, Jumanne jioni nazifanya maktaba, karibu tufanye pamoja. Atakayekubali wa kwanza huenda akawa mgeni kama wewe, Mhindi au Mkolombia, naye amekaa miezi mitano akidhani ni yeye peke yake asiye na kundi.

Wapo pia watakaokukwepa kwa rangi yako, na sitakuficha. Si jambo la jana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za mashariki Berlin kuanzia mwaka 1900. Wapo wanafunzi wa Kijerumani waliokataa kumheshimu kama mwalimu kwa sababu ni Mwafrika, na mwaka 1905 akaiacha kazi hiyo. Aliendelea kuishi Ujerumani hadi alipofariki mwaka 1927. Mimi nilipolijua jina lake nilikuwa mwaka wa pili, na nilipata nguvu ya ajabu kwa kujua kwamba mtu wa pwani yetu aliwahi kusimama mbele ya ubao katika nchi ile, akiwa mwalimu. Ukitendewa ubaguzi chuoni, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, ulipeleke kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia malalamiko hayo. Lakini usimhesabu kila anayekaa kimya kuwa ni mbaguzi. Wengi wao ni watu wa kimya tu, hata wao kwa wao.

Sasa hela, na hapa nitakuwa mkali kidogo kama dada.

Zile euro 11,904 ulizoonyesha benki, zilizoko kwenye akaunti iliyofungwa, zinakurudia 992 kwa mwezi. Serikali ya Ujerumani ilizitaka kwa hoja moja tu, kwamba mwanafunzi anayelipa chumba, bima ya afya na chakula hawezi kuishi kwa chini ya hapo. Ukiichota hela hiyo na kumtumia baba, unamrudishia shamba kwa kuuza muhula. Halafu tazama zamu zako. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Zamu ya zaidi ya saa nne ni siku nzima. Zamu tatu za saa nane kila wiki kwa mwaka ni siku 156. Ipo pia njia ya kuhesabu kwa wiki, lakini kipindi cha masomo ukomo wake ni saa 20, nawe uko kwenye 24. Ukiendelea hivi utavuka kikomo, na jambo hilo litaonekana siku ya kuongeza kibali cha kuishi, mbele ya ofisa ambaye pia ataitazama karatasi yako ya matokeo. Huyo hutamweleza habari za shamba.

Punguza ziwe zamu mbili mwanzoni, kisha moja mitihani ikikaribia, halafu uzipandishe Agosti na Septemba, wakati hakuna vipindi, ukikumbuka kuacha nafasi kwa mitihani ya kurudia kama chuo chako kinaiweka miezi hiyo. Wakati huohuo ulizia kazi za ndani ya chuo: kusaidia maabara, kusahihisha mazoezi, kupanga takwimu za mradi wa profesa. Mtu anayefanya kazi hizo anaitwa Hiwi, na saa zake hazihesabiwi kwenye zile siku 140. Mhandisi wa maji anayejua kutumia programu za kompyuta za kukokotoa mtiririko wa maji hutakiwa, lakini huzipati kazi hizo ukiwa mtu ambaye hakuna profesa anayelijua jina lake. Hilo ni jambo jingine linaloanzia kwenye ule mlango wa Sprechstunde.

Ukifika mwezi umekwama kabisa, yaani kodi haipo, nenda kwenye jumuiya za wanafunzi za kanisa, ESG ya Waprotestanti au KHG ya Wakatoliki. Katika miji mingi zina mfuko wa dharura kwa wanafunzi wa kigeni, na mlango wao uko wazi kwa Mwislamu na asiye na dini pia. Nimewapeleka vijana pale mimi mwenyewe. Watakuuliza maswali, watataka waone karatasi za benki. Vumilia. Hakuna aibu ndani yake.

Na usingizi. Mwili umenyimwa jua tangu Novemba, unalala mchana na kubeba mizigo usiku, na moyoni umeficha jambo. Nani angelala? Studierendenwerk, taasisi inayoendesha mabweni na kantini yenu, ina washauri wa saikolojia. Katika miji mingi ni bure, ni siri, na hawaandiki chochote kwenye faili lako la chuo. Omba miadi wiki hii kwa kuwa foleni huwa ndefu. Siku yoyote ukijikuta unawaza kwamba ni heri usiwepo, usingoje miadi: piga 112, au mgongee jirani wa bwenini hata kama hujawahi kumsalimia.

Nimeliacha la nyumbani mwishoni kwa sababu ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike jibu refu.

Miaka michache iliyopita nilimshauri kijana mmoja, sitataja alikotoka. Alifeli muhula wa kwanza kama wewe, akawaambia wazazi amefaulu. Muhula wa pili hakuweza kwenda kwa profesa kwa sababu kwenda kungekuwa kukiri kwamba kuna tatizo, wakati kwenye simu kila Jumapili hakukuwa na tatizo. Aliufeli mtihani mmoja wa lazima kwa mara ya tatu. Akaondolewa kwenye programu, na ukishafeli kabisa namna hiyo, mlango wa fani ileile unafungwa na katika vyuo vingine vya Ujerumani. Alikaa miezi minane bila kuwaambia. Mama yake alikuwa ameshaanza kumwandalia sherehe ya mahafali. Alipokuja kwangu hakulia kwa sababu ya shahada. Alilia kwa sababu ya kadi za mwaliko.

Yule kijana angeweza kubadilisha programu kabla ya kufeli mara ya tatu. Inaruhusiwa, mradi uulize mapema kwenye ofisi ya wageni kama kibali chako kitakubali. Hakuuliza kwa sababu alikuwa analinda uongo mdogo wa Februari. Kwa hiyo nikikwambia umwambie baba ukweli, sizungumzii adabu peke yake. Ukiusema nyumbani, utapata ujasiri wa kuusema na ofisini.

Usiandike ujumbe. Piga simu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi saa za huko zinasogezwa mbele na tofauti yenu inabaki saa moja, kwa hiyo ukipiga saa moja yako ya jioni, Mbeya ni saa mbili, wameshakula. Kama unajua baba hupandwa na hasira kabla hajasikia mpaka mwisho, mtangulize shangazi au yule mjomba aliyekopesha, lakini asiseme yeye. Awepo tu pale baba anapoisikia sauti yako. Na usipige kabla hujatoka Prüfungsamt, maana baba atakuuliza swali moja, "sasa inakuwaje?", na unatakiwa uwe na jibu. Sema hivi, kwa maneno yako: "Baba, nilikwambia nimefaulu yote, sikusema kweli. Nimefaulu mmoja. Mitatu nitairudia, tarehe zake ni hizi. Nilikuwa nafanya kazi usiku ili nikurudishie hela, nimeona inaniangusha, nimepunguza. Naomba univumilie hela ya shamba mpaka nimalize." Kisha nyamaza. Usijaze kimya kwa maelezo. Atakachosema baadaye kinaweza kuwa kikali, na kinaweza kukushangaza. Mzee aliyeuza shamba lake kwa ajili yako alishafanya hesabu ya hasara kabla hajaweka sahihi.

Kuhusu kurudi: sikwambii usirudi kamwe. Ukiisoma karatasi yako, ukakaa na profesa, ukapunguza zamu, na Julai somo hilohilo likakushinda tena, tutazungumza kuhusu kubadilisha programu au kurudi ungali na jina safi, na nitakuunga mkono. Lakini mwezi Machi, ukiwa na mtihani mmoja mkononi uliofaulu huku unabeba vifurushi usiku, bado hujaupima uwezo wako hata mara moja.

Muhula wa kiangazi unaanza rasmi tarehe 1 Aprili. Kabla ya hapo nataka uwe umeshakwenda Prüfungsamt na umejua siku za Klausureinsicht. Ukishaiona ile karatasi, niandikie walichokiandika pembeni, hata ikiwa ni neno moja.